Fahamu: Kwa nini paka anayekosa choo mara kwa mara apimwe sukari

Paka wako wa Kilosa au Mikumi hukosa choo mara kwa mara, huku akinywa maji na kukojoa kupita kiasi? Apimwe sukari. Kisukari humpotezea maji mwilini, kinyesi kikakauka.

Hutosha tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio lililopashwa joto kwa kitambaa cha uvuguvugu. Kawaida ni takriban 4 hadi 8 mmol/L. Ila hofu nayo hupandisha sukari, hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Mashine ya kupima sukari ya binadamu, ikitumiwa kwa paka, mara nyingi husoma chini ya hali halisi.

Insulini na dawa za choo apange daktari wa mifugo. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) iko Morogoro. Akitapika na kugoma kula, mpeleke siku hiyohiyo.