Lenzi ya kilo 16 ilivyokufa

Unalalamika lenzi yako ni nzito? Mwaka wa 1993 kampuni ya Canon ya Japani ilizindua EF 1200mm f/5.6, kilo 16.5. Kuibeba ni kama kubeba ndoo ya maji!

Ndani mlikuwa na fuwele kubwa za floraiti, ambazo hukuzwa polepole sana kwenye tanuri. Ukiharakisha, zinaharibika. Ikawa inatengenezwa kwa oda tu, na wenye pesa hizo walikuwa wachache mno. Tanuri na mafundi nao hula pesa hata oda ikikosekana. Ndivyo lenzi aina hii hufa, si eti ni mbaya.

Mwaka wa 2022 Canon ilileta RF 1200mm f/8, kilo 3.3 pekee. Poa, sivyo? Ila inapitisha nusu tu ya mwanga wa ile nzee. Mechi ikiingia jioni, utaikumbuka.