Je, Wajua? Kukuza na Kupunguza Vitu Katika Katuni za Kompyuta

Je, wajua kwamba taa ndogo ya filamu Luxo Jr. ya mwaka 1986 haikupatikana kwa kuipunguza tu taa kubwa? John Lasseter wa Pixar alitaka tumwone mtoto. Akapunguza kofia ya taa, lakini balbu akaiacha na ukubwa ule ule: balbu hununuliwa dukani, haikui pamoja na taa. Fito za kuishikilia taa zikafupishwa, unene ukabaki ule wa taa kubwa. Kwangu mimi hilo ni somo zuri kuliko vitabu vingi vya programu.

Je, wajua kwamba mchemraba unaokupokea ukifungua programu ya Blender una mita 2 kila upande? Ukichonga humo kikombe cha chai bila kupunguza, umechonga tangi la maji.

Je, wajua kwamba kitu hukua kuanzia kwenye kitovu chake? Mti wenye kitovu katikati ya kimo chake, ukiukuza, nusu ya ongezeko huzama ardhini. Sogeza kitovu hadi shina linapogusa udongo.

Katika Blender, kitufe cha S hukuza pande zote. S kisha Z hugusa kimo peke yake. Mpira unaogonga sakafu ukiushusha hadi nusu ya kimo, tanua pande mbili zilizobaki mara 1.41 kila mmoja, ujazo usipotee. Usipofanya hivyo, mtazamaji ataona mpira umepungua, wala hataona umebonyea.

Je, wajua kwa nini kingo za meza yako ukizilainisha hutoka nene huku, nyembamba kule? Uliivuta kutoka kwenye mchemraba, na programu bado inauhesabu mchemraba uliovutwa. Bonyeza Ctrl na A, chagua Scale: umbo halibadiliki, namba za ukubwa zinarudi 1. Fanya hivyo kabla ya kumfunga mhusika mifupa, maana baadaye ni kazi ya kulia.

Na je, wajua kwamba ukubwa huonekana hata kwenye muda? Jiwe likidondoka mita 1 hutua baada ya sekunde 0.45, takriban fremu 11 kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Likidondoka mita 10, huchukua fremu 34. Ukimkuza mwanasesere awe jitu bila kurefusha muda wa hatua zake, atabaki mwanasesere, hata umsimamishe kando ya ghorofa.