Mtoto Anapotamani na Mzazi Anapolipa

Watoto wengi wanaotazama chaneli za setilaiti wanamfahamu Timmy Turner, mvulana wa miaka kumi mwenye kofia ya waridi na meno ya mbele yaliyochomoza. Katuni yake, The Fairly OddParents, ilibuniwa na Mmarekani Butch Hartman, na ilianza kuonyeshwa kama mfululizo kamili na Nickelodeon tarehe 30 Machi 2001. Wazazi wa Timmy hawakai nyumbani, na yaya wanayemwachia, Vicky, humtesa. Kwa sababu hiyo amepewa walezi wawili wa kichawi, Cosmo na Wanda, ambao mbele ya watu hujigeuza samaki wa mapambo ndani ya bakuli la kioo. Timmy akitamka tu kwamba anatamani jambo fulani, fimbo zao huinuliwa na jambo hilo huwa.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba hadithi ya namna hii humzoesha mtoto kudai kila akionacho. Sisi hatuna hofu hiyo, maana katika katuni hii matamanio yana masharti. Kipo kitabu kinene cha kanuni ambacho Cosmo na Wanda hawawezi kukivunja. Mojawapo ya kanuni hizo inakataza kutamani fedha, kwa kuwa fedha hizo zingekuwa ama za wizi ama za bandia. Aidha, karibu kila ombi humrudia mwenyewe. Katika kipindi kimoja cha awali, Timmy anatamani mchezo wa kompyuta mgumu kiasi kwamba mchezaji hawezi kujitoa humo kwa kutamani. Anaupata. Kisha rafiki zake wawili wanauingia bila kujua, naye hana budi kuwafuata.

Simu iliyomo mkononi mwa mtoto haina kitabu kama hicho, isipokuwa mzazi akiandike mwenyewe.

Mambo huanza hivi. Mzazi anampa mtoto simu ili atulie. Mtoto anafungua mchezo ambao kuupakua ni bure. Baada ya hatua chache mchezo unakuwa mgumu, na panatokea kisanduku chenye rangi kinachompa sarafu, almasi au nguvu za ziada. Anabonyeza, na papo hapo anachokitamani kinakuja. Kwake yeye hakuna tofauti kati ya almasi alizozishinda na almasi zilizonunuliwa. Zote zinang'aa vilevile. Tofauti inaonekana kwenye ujumbe wa benki, ambao kwa kawaida unasomwa jioni.

Jambo hili si uzembe wa wazazi peke yao. Nchini Marekani, mamlaka inayolinda walaji ilizichukulia hatua kampuni tatu kubwa zenye maduka ya programu. Apple ilidaiwa kutowaeleza wazazi kwamba, wakishaandika nenosiri mara moja, mlango wa kununua ulibaki wazi kwa dakika 15 bila kuulizwa tena. Mwaka 2014 ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5. Google, ambayo mlango wake ulikaa wazi kwa dakika 30, ilikubali mwaka huohuo kurejesha angalau dola milioni 19. Amazon ilianza biashara hiyo mwaka 2011 bila kudai nenosiri lolote, na mwaka uliofuata ikalidai kwa ununuzi uliozidi dola 20 tu. Shauri lake lilifika mahakamani, nayo mahakama iliamua mwaka 2016 kwamba walaji walitozwa bila ridhaa yao.

Katika runinga mipaka ni ya zamani zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha matangazo katika vipindi vya watoto: dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa juma, na dakika 12 siku nyingine. Kwa kanuni zilezile, kutangaza bidhaa ya mhusika ndani ya kipindi chake mwenyewe hukifanya kipindi chote kihesabiwe kuwa tangazo. Mwaka 2004 Viacom, iliyokuwa mmiliki wa Nickelodeon, ilikubali kulipa dola milioni moja kwa kuvuka mipaka hiyo. Ndani ya mchezo wa simu mambo ni tofauti, kwani anayemburudisha mtoto na anayemuuzia mara nyingi ni mhusika yuleyule.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi na walezi wafungue mipangilio ya duka la programu kabla ya kumkabidhi mtoto simu, na kuchagua nenosiri lidaiwe kwa kila ununuzi, si mara moja kwa muda fulani. Nenosiri hilo lisiwe lile la kufungulia simu, ambalo mtoto amekwishalikariri. Ikiwa kadi ya benki au akaunti ya pesa za simu haihitajiki kwenye simu hiyo, iondolewe kabisa; hii ndiyo kinga tunayoiamini kuliko zote. Pia kaeni na mtoto mara moja mkokotoe bei pamoja: kikapu hiki cha almasi ni sawa na mikate mingapi? Watoto huelewa mikate.

Fedha zikishakatwa, tunza ujumbe wa benki na risiti iliyotumwa kwa barua pepe. Andika jina la mchezo, tarehe, saa na kiasi, kisha uombe kurejeshewa kupitia duka la programu siku hiyohiyo, maana kila duka lina muda wake wa kupokea maombi. Eleza waziwazi kwamba mnunuzi alikuwa mtoto na utaje umri wake. Usifute mchezo wala akaunti kabla ya kupata jibu. Ombi likikataliwa, tunza jibu hilo, kwa kuwa nakala yake ndiyo ya kwanza tutakayoiomba utakapoleta malalamiko kwetu.