Ikola Moja, Mafungu Manne: Kwa Nini Watafiti wa Afya Hufunzwa Kuandika Programu

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, iko kata ya Ikola, ambako wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao kutafuta dagaa. Mvuvi mwenye homa anapofika kituoni, mhudumu humwuliza jina, umri na anakotoka, humpima malaria kwa kipimo cha haraka, kisha huandika mstari mmoja katika kitabu cha MTUHA namba 5, cha wagonjwa wa nje. Mstari huo una safari ndefu. Jumla ya mwezi huingizwa katika mfumo wa taifa wa DHIS2. Na pale unapofanyika utafiti wenye kibali, mistari yenyewe hunakiliwa katika lahajedwali, na hatimaye humfikia mtafiti ambaye pengine hajawahi kufika Katavi.

Hapo ndipo hatari huanza. Ichukuliwe kwamba wanakili wanne wameandika “Ikola”, “IKOLA”, “Ikora”, na “Ikola” yenye nafasi tupu mwishoni. Kwa jicho la binadamu hapo ni mahali pamoja. Kwa kompyuta ni mahali panne, na wagonjwa wa kata moja hugawanywa katika mafungu manne madogo. Kata iliyostahili kuongoza katika orodha ya wanaohitaji vyandarua huweza kushuka hadi chini. Tarehe nazo zina hila yake. 5/4/2024 kwa mhudumu wa Ikola ni Aprili 5. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa Mei 4. Lakini 17/4/2024 haigeuziki, maana hakuna mwezi wa 17. Kosa basi huziingia tarehe za mwanzo wa mwezi na kuziacha zinazofuata, nalo ni gumu kugundua kuliko kosa lililoenea kote. Na pale umri usiojulikana ulipoandikwa 99, wastani wa umri hupanda bila sababu.

Haya si matatizo ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya UVIKO-19 vilikosekana katika takwimu za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel halipokei zaidi ya mistari 65,536. Waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Mtafiti anayesahihisha lahajedwali kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku, haachi alama. Mwenzake hawezi kujua alibadili nini, wala yeye mwenyewe baada ya miezi sita. Kozi fupi za uandishi wa programu za utafiti hulenga udhaifu huo. Iliyo maarufu zaidi, Software Carpentry, ilianzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda, na kwa kawaida huchukua siku mbili. Jina lake lina maana ya useremala, na limechaguliwa vyema: mwanasayansi hafundishwi kujenga daraja, bali kutengeneza meza isiyoyumba. Hujifunza kuiamuru kompyuta kwa maandishi, kuandika programu kwa lugha ya R au Python, na kutumia Git, chombo kinachohifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Mkufunzi huandika mbele ya darasa, nao wanafunzi huandika pamoja naye. Anayekwama hubandika karatasi ya rangi kwenye kompyuta yake ili asaidiwe bila kunyoosha mkono.

Barani Afrika, mtandao wa H3ABioNet, ambao Chuo Kikuu cha Muhimbili kilikuwa kituo chake kimojawapo, uliendesha mwaka 2016 kozi ya miezi mitatu kwa washiriki 364 katika taasisi 20 za nchi 10. Miezi mitatu ni afadhali. Siku mbili huamsha hamu, lakini asiyekuwa na mwenzake wa kumwuliza huyasahau mengi upesi.

Mgonjwa naye ana haki yake humo. Programu inaweza kuondoa majina na namba za simu kabla data hazijapitishwa kwa mwingine, na kila anayeikagua akaona kwamba kweli zimeondolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kuna jambo ambalo programu haiwezi. Inaweza kuziunganisha Ikola nne kwa mistari michache, na kuonyesha mjamzito mwenye umri wa miaka 4; haiwezi kujua kama alikuwa na miaka 14 au 40. Programu iliyoandikwa vizuri haibahatishi: hutoa orodha ya mistari yenye shaka, nayo orodha hurudishwa kituoni, kwenye kitabu chenyewe, kwa mhudumu aliyeandika na ambaye huenda bado anamkumbuka mama yule.