Begi la kamera: chagua la safari yako, si la kupendeza dukani

Muulize mtu aliyekulia uhamishoni ana picha ngapi za utoto wake. Wengi watakuhesabia kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nilizaliwa na kusoma katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka huo. Tuliporejea Burundi mwaka 2008, picha za familia zilisafiri ndani ya mfuko wa nailoni juu ya mizigo. Mvua ikatukuta njiani. Tulipoufungua mfuko, picha zilikuwa zimegandana. Zilipona mbili tu.

Ndiyo maana mwalimu kama mimi, asiyepiga picha kwa ujira, anaandika leo kuhusu begi la kamera.

Nilipopata kamera yangu ya kwanza, nilikwenda dukani nikachagua begi kubwa kuliko yote. Lilikuwa jeusi, lina mifuko kila upande na jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa. Lilikuwa zito hata kabla ya kutiwa kitu. Jumapili moja tuliwapeleka watoto ufukweni Rumonge pamoja na mama yangu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, chakula mkono mmoja na maji mkono wa pili. Nikalitazama lile begi, nikaliacha nyumbani. "Tutapiga siku nyingine," nikasema. Mama aliingia Ziwa Tanganyika hadi magotini, amekunja kanga, anacheka na wajukuu. Siku nyingine haikuja, kwani alifariki kabla ya mwaka kwisha.

Begi lililoachwa nyumbani halilindi kitu. Hilo ndilo somo nililolipa kwa gharama kubwa.

Pima kabla ya kununua

Ndugu msomaji, usiende dukani mikono mitupu. Nenda na kamera yenyewe, lenzi ikiwa imefungwa, kisha uitie ndani ya begi na kufunga zipu. Isilazimishwe kuingia, wala isichezecheze. Kwa matembezi ya familia, kamera moja, lenzi moja, betri ya akiba na memori kadi vinatosha. Kamera ya kawaida ya DSLR na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55 haifiki kilo moja. Hakuna sababu begi lake liwe na uzito zaidi ya kamera yenyewe.

Bonyeza sponji kwa kidole, hasa ya chini, maana begi likitua sakafuni ndiko kishindo kinakoingia. Sponji nzuri hurudi ilivyokuwa.

Mikono ibaki huru

Mwenye watoto anahitaji mikono yote miwili. Mkanda uwe mpana na mrefu wa kupita kifuani, begi likae ubavuni. Hapo unaweza kumdaka mtoto anayekimbilia barabarani, na bado ukatoa kamera bila kuvua kitu. Begi la mgongoni linafaa kwa mwendo mrefu wa miguu, ila kila picha utalazimika kulishusha, na kwenye umati huoni nani anafungua zipu nyuma yako.

Katika hiace, lipakate. Usikubali liende kwenye buti au juu ya paa pamoja na ndizi na majerikeni. Begi lisilo na maandishi makubwa ni salama zaidi, kwani halimtangazii mwizi kilichomo. Kwa wasafiri wa ndege, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokabidhiwa. Zikae kwenye begi la mkononi, ncha zake zimefunikwa.

Mvua, vumbi na baridi

Kitambaa kinachozuia manyunyu si lazima kizuie mvua ya Aprili, kwani maji hupenya kwenye mshono na zipu. Tafuta begi lenye koti lake la mvua, au weka ndani mfuko safi wa nailoni wa kulifunikia. Ufukweni, funga zipu kila baada ya picha, maana chembe moja ya mchanga hukwaruza kioo.

Unyevu nao ni adui wa kimya, huotesha ukungu ndani ya lenzi. Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe. Viweke ndani ya begi, mbali na watoto. Begi likilowa, toa kamera na ulianike.

Ukitoka kwenye baridi ya Rutovu, kwenye chemchemi ya Nile, ukateremka hadi kwenye joto la ziwani, usiifungue kamera papo hapo, kwani hewa yenye joto na unyevu ikigusa kioo baridi hugeuka matone ya maji. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa muda wa nusu saa au zaidi, ipate joto taratibu.

Leo ninatumia begi dogo la kijivu nililonunua kwenye mitumba, fundi cherehani akaniongezea mkanda mpana. Halina sura ya kuvutia. Linaning'inia mlangoni, karibu na funguo, na tunapotoka wanangu ndio wanaoulizana nani kalichukua.

Mfukoni mwake, ndani ya plastiki ngumu, nimeweka nakala za zile picha mbili zilizopona mvua. Katika moja yumo mama, msichana bado, amesimama mbele ya nyumba yetu ya Ulyankulu.