Sinema za Kutisha: Za Zamani au za Leo?

Ubishi huu huzuka katika nyumba nyingi siku ya mapumziko, jamaa wote wanapokuwa wameketi mbele ya televisheni. Baba hushikilia kwamba sinema za kutisha hasa ni zile za zamani, na kwamba hizi za leo ni kelele na damu tupu. Watoto nao huzicheka picha zisizo na rangi, ambamo zimwi huonekana dhahiri kuwa ni mtu aliyepakwa masizi usoni. Je, nani asemaye kweli?

Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tutazame jinsi hofu inavyotengenezwa.

KIVULI UKUTANI

Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitoa sinema bubu iitwayo Nosferatu, inayomhusu mfu anayeamka usiku na kunyonya damu ya watu. Mahali panapotisha kupita pote ni pale mfu huyo anapopanda ngazi kumwendea mwanamke chumbani. Yeye mwenyewe haonekani. Kinachoonekana ni kivuli chake ukutani, chenye kucha ndefu, kikipanda polepole.

Miaka 20 baadaye, Jacques Tourneur alitengeneza Cat People huko Marekani, kwa fedha kidogo. Mwanamke anaogelea peke yake usiku katika bwawa lililo ndani ya jumba. Unasikika mngurumo, vivuli vinacheza juu ya kuta, naye anapiga mayowe. Mnyama mwenyewe haonyeshwi waziwazi, lakini mtazamaji huapa kwamba yumo.

Watengenezaji wa enzi hizo walificha kwa sababu mbili. Kwanza, hawakuwa na vifaa vya kuonyesha kila walichokiwaza. Pili, kanuni za Hollywood zilizotiliwa mkazo tangu 1934, na kufutwa mwaka 1968, zilikataza mambo mengi yasionyeshwe. Hata Alfred Hitchcock, katika Psycho ya mwaka 1960, alionyesha mauaji ya mwanamke bafuni kwa muda usiozidi dakika moja. Damu iliyotiririka ilikuwa shira ya chokoleti. Vilivyotisha ni mlio wa fidla na vipande vya picha vilivyofuatana upesi upesi, hata mtu akadhani ameona mengi kuliko aliyoonyeshwa.

PAPA ALIYEHARIBIKA

Mfano ulio bora zaidi ni Jaws ya mwaka 1975. Steven Spielberg aliundiwa papa wa mashine, lakini alipotumbukizwa baharini aliharibika mara kwa mara. Ikabidi papa afichwe. Saa nzima na zaidi hupita kabla mtazamaji hajamwona barabara, na muda wote huo anaogopeshwa na muziki wa John Williams na uso wa maji matulivu. Ubovu wa mashine ukawa ndio nguvu ya sinema.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila cha kale kinatisha. Katika Frankenstein ya mwaka 1931, Boris Karloff anaonekana wazi akiwa kiumbe kilichoundwa kwa viungo vya maiti, na watazamaji wengi wa leo humwonea huruma kuliko kumwogopa. Tena, sinema mbovu za wakati ule zimekwisha kusahauliwa. Baba huzilinganisha chache zilizochujwa na miaka na lundo zima la leo, jambo ambalo si haki.

Nao vijana wa karibuni wanajua kuficha. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 inawahusu wanafunzi watatu waliopotea msituni, na mchawi wao haonekani hata mara moja. Katika A Quiet Place ya mwaka 2018, familia inaishi kimya kwa kuwa madubwana huwinda kwa kufuata sauti, na mtazamaji naye huogopa kukohoa.

Basi jambo si umri wa sinema. Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi usilolijua ndilo la kuogopwa, kwani kila mtu huliumba kichwani mwake kwa kadiri ya hofu aliyo nayo.

WAZAZI NA WATOTO

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Huiona picha ya kale, wakasema haina damu, kwa hiyo mtoto na aitazame. Lakini yale yaliyofichwa ndiyo humfuata mtoto kitandani, taa ikiisha kuzimwa. Zamani watu waliogopa pamoja katika jumba la sinema. Taa zikawashwa, wakacheka njia nzima kurudi nyumbani. Leo mtoto huweza kutazama peke yake katika simu, amejifunika shuka, wala hapana wa kumwambia kwamba yamekwisha.

Mzazi, usimcheke mtoto aliyeogopa, wala usimlazimishe kutazama ili awe jasiri. Keti naye. Akishtuka, mwambie kwamba papa yule alikuwa chuma na mpira, na kwamba damu ile ilikuwa chokoleti. Mweleze jinsi kivuli kinavyotengenezwa kwa taa na mkono, kisha mfanye mmoja wenu ukutani. Akikwisha kujua hayo, atalala. Na huenda kesho yake akataka kuiona tena, safari hii ili awaeleze wadogo zake.