Unavuka ziwa kurudi kwenu? Lijue jaketi lako

ANAYEFUNGA virago Nakivale kurejea kwao, au mfanyabiashara anayepakia bidhaa Mbarara kuzipeleka Kongo, huhesabu nauli, ushuru na chakula cha njiani. Pesa ya jaketi la kuokoa maisha, au jile kama waitavyo Wakongomani, haimo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo safari nyingi za upande huo huishia majini. Wapo wanaopandia Katwe au Rwenshama katika Ziwa Edward, na wengine Ntoroko katika Ziwa Albert. Machi 22, 2014, boti lililojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka kambi ya Kyangwali lilipinduka katika Ziwa Albert. Serikali ya Kongo ilitaja vifo 251. Oktoba 3, 2024, boti jingine lililotoka Minova, likiwa limepakia kupita kiasi, lilizama Ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma. Watu wa nchi kavu walikuwa wakiliona.

Dukani usianze na bei. Fungua jaketi utazame ndani, kwenye lebo, kama pana namba 50, 100 au 150. Hicho ni kipimo cha nguvu ya kuelea, kinaitwa nyutoni, na kila nyutoni kumi hubeba karibu kilo moja. Hamsini ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Mia moja hufaa maji yaliyotulia. Mia na hamsini ni ya mawimbi, nayo hutengenezwa ili impindue hata aliyezimia, uso utazame juu. Asiyejua kuogelea asichukue ya 50, hata muuzaji akishusha bei mara tatu.

Lebo nayo hughushiwa. Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata mjini Izmir majaketi bandia 1,263, yaliyojazwa vifaa vya kufungia mizigo badala ya sponji ya kuelea. Wanunuzi waliolengwa walikuwa wakimbizi wa kuvuka kwenda Ugiriki. Kwa hiyo lijaribu kabla ya safari. Livae, funga kamba zote, inua mikono, kisha mwenzako alivute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako. Baadaye ingia nalo majini, kina cha kifuani, ukiwa na mtu wa kukushika, ukunje miguu uone kama mdomo unabaki juu. Wa Nakivale wanalo ziwa mlangoni, ila viboko wamo; nendeni mchana, penye wavuvi.

Kuelea pekee hakutoshi. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi huonekana kama nazi, na boti la waokoaji laweza kupita jirani lisikuone. Wazamiaji wanaotembelea Pemba wanalijua sana jambo hili, kwa kuwa mkondo huwapeleka mbali na pale waliporukia. Hubeba boya jembamba la rangi ya chungwa, lenye urefu wa mtu au karibu yake. Wakiwa bado chini hulitia hewa, nalo hupanda na kusimama wima juu ya maji, nahodha akajua walipo. Uzi wake huushika mkononi. Hawajifungi nao, boya lisije likawavuta juu kwa ghafla.

Msafiri wa ziwani anaweza kuiga kwa gharama ndogo. Chagua jaketi la rangi ya chungwa lenye filimbi, si la bluu wala kijani. Chukua na dumu la njano la lita 20, tupu, kifuniko kimekazwa, lenye kitanzi cha kamba cha kushika. Dumu hilo huweza kubeba karibu kilo 19 na huonekana kutoka mbali. Usijifunge kamba yake kiunoni, maana boti likipinduka itakunasa humo humo. Na dumu si badala ya jaketi: mikono ikichoka, hukuponyoka.

Akina mama wana shida yao. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kitenge hawezi kukaa chini ya jaketi la mama yake, na fundo la kitenge likilowa ni gumu kufungua. Mtoto apakatwe mbele, naye awe na jaketi lake dogo lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila mkanda huo atachomoka kwa chini.

Vaeni mkiwa bado ufukweni. Boti likianza kulala ubavu hakuna atakayepata nafasi ya kutafuta vishikizo gizani. Mkifika ng'ambo, lianikeni jaketi kivulini, kwani jua kali huozesha kitambaa. Msilikalie juu ya magunia kama mto. Sponji ikishabanwa, nguvu yake ya kuelea hupungua.